Kutoa Wakati Ziwa Limefungwa

Naandika haya nikiwafikiria hasa wanawake wenzangu wa mwaloni, ambao riziki yao yote inatoka majini, na ambao Jumapili wanahimizwa watoe kwa imani wakati wanajua unga uliobaki nyumbani haufiki Jumatano. Mimi ni mchuuzi wa dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Mume wangu ni mvuvi wa kipe, chombo cha kuvulia cha huku kwetu. Ziwa Tanganyika lilipofungwa mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, nyumba yetu ilipoteza vipato vyote viwili kwa mpigo. Katika miezi ile nilijifunza juu ya Mungu anayeruzuku, na juu ya kutoa, mambo ambayo miaka mingi ya kukaa kwenye mabenchi ya kanisa haikuwa imenifikisha. Likifungwa tena, natamani mwingine aanzie pale tulipoishia sisi.

Kwa asiye wa huku, ziwa hili ni la nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Samaki walikuwa wanapungua, nchi zikakubaliana lipumzishwe ili wazaliane. Upande wetu iligusa Kigoma, Katavi na Rukwa. Uamuzi wenyewe siupingi. Aliyekaa mwaloni muda mrefu ameona kwa macho yake migebuka ikizidi kuwa midogo. Lakini kukubali kwamba jambo ni jema hakujazi sufuria. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali vyombo vinapumzika, na sisi wanawake tunatandaza na kukausha tulichonacho tukingoja giza lingine. Kwa hiyo kusubiri tumekuzoea. Tunajua kula kwa akili wiki ya mbalamwezi. Miezi mitatu ni habari nyingine kabisa.

Hofu niiseme ilivyokuwa. Giza la kwanza liliingia na ziwani hapakuwa na taa hata moja. Mimi nimezaliwa nikiona zile taa. Nilikaa nje ya nyumba nikihesabu: watoto watatu, michango ya shule, kodi ya nyumba, mama mkwe mwenye presha, na mume ambaye hajui kazi nyingine zaidi ya maji. Maneno ya Mathayo 6 kuhusu ndege wa angani wasiopanda wala kuvuna nilikuwa nayajua kwa moyo, nilishayafundisha hata watoto wa Sunday school. Usiku ule hayakunituliza. Nilichoweza kusema ni, "Baba, kesho watoto wale." Sikuwa na sala nyingine, na iliendelea kuwa hiyo hiyo kwa wiki kadhaa. Nilidhani ni imani haba, mpaka siku moja tukiwa tunasali Sala ya Bwana kanisani ndipo ikanijia kwamba hivyo ndivyo Yesu alivyotufundisha kuomba: riziki ya leo. Hakutuambia tuombe ya miezi mitatu. Toka hapo nikaacha kujilaumu kwa kuomba kidogo kidogo.

Sasa nije kwenye fedha, maana hapo ndipo wengi tunapoumia.

Kabla ya kufungwa nilikuwa nimekausha magunia kadhaa ya dagaa na kuyaweka. Bei ilianza kupanda mapema kwa sababu kila mtu alijua hawatakuwepo. Wanunuzi wa Dar es Salaam walikuwa wanapiga simu. Nilijiuliza: Mkristo akauza kwa bei nzuri wakati wenzake wana njaa, ni dhambi? Kitabu cha Mithali kinamlaumu azuiaye nafaka na kumbariki auzaye. Nikaamua hivi: gunia zote isipokuwa moja ziende sokoni kwa bei ya soko, kwa kuwa ndizo chakula cha nyumba yangu, hilo moja libaki kwa ajili ya jirani, sehemu niiuze kwa vipimo vidogo kwa bei ya zamani, na sehemu nyingine nigawe. Sioni aibu kwa zile nyingine. Mtu aliyeuza vizuri ana cha kumpa mwenzake. Aliyeona haya kuuza atakuja kuomba.

Kilichonisaidia zaidi ni mama mmoja anayetufundisha somo la wanawake, ambaye zamani alikuwa mhasibu wa chama cha ushirika. Alituuliza fungu la kumi tunalitoa kwenye nini. Wengi wakajibu, kwenye mauzo. Akachukua chaki. Tuseme umenunua dagaa wa shilingi 300,000, ukalipa vibarua na usafiri 40,000, ukauza kwa 400,000. Faida yako ni 60,000, na fungu la kumi la faida ni 6,000. Ukitoa 40,000 kwa sababu umeshika 400,000 mkononi, umebakiwa na 20,000 ya kula, kodi na shule, na mzunguko unaofuata utaingia kwenye mtaji. Baada ya miezi michache huna biashara, na huna cha kutoa tena. Akatusomea Kumbukumbu la Torati 14, pale zaka inapotolewa katika kile shamba lilichozaa mwaka hadi mwaka, na kila mwaka wa tatu inawekwa mjini ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Wanawake wawili walilia pale pale. Walikuwa wamefilisika mara kadhaa wakidhani ni shetani.

Najua wapo watumishi wasiokubaliana na hesabu hiyo. Mimi naikubali, na ninaomba kila mchuuzi awe na madaftari mawili, la biashara na la nyumba, kabla ya kuzungumzia sadaka. Asiyejua faida yake ni ngapi hawezi kujua ametoa nini.

Nyumbani haikuwa rahisi. Wiki za mwanzo mke wa kijana mmoja anayefanya kazi na mume wangu chomboni alikuja na mtoto mgongoni, akasema tangu jana hawajawasha moto. Nikampimia unga wa muhogo na dagaa. Mume wangu aliporudi na kukuta debe limepungua alinyamaza mpaka watoto walipolala. Kisha akaniambia, "Mke wangu, Paulo amesema asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Wewe unalisha vipe vyote?" Nami nikamjibu kwamba yule kijana ndiye anayemvutia nyavu. Tulizungumza kwa ukali ambao sitaki kuurudia hapa. Alikuwa na hoja, nami nilikuwa nayo. Hatukupatana usiku ule.

Tulichokubaliana kesho yake ndicho ninachowashauri watu wa ndoa. Tulipima chakula cha nyumba yetu cha mwezi mzima, tukakiweka upande. Pembeni tukaweka debe dogo tukaliita la mgeni. Nikiwa peke yangu, naweza kutoa kutoka debe la mgeni bila kumuuliza mtu. Likiisha, limeisha, na mgeni ataambiwa ukweli kwa upole, aketi ale na sisi kilicho mezani. Kugusa lile la nyumba ni mpaka tuongee wote wawili. Tangu siku hiyo hatukugombana tena juu ya kutoa, na jambo la kushangaza, ni yeye aliyeanza kuniuliza jioni, "La mgeni linaendeleaje?" Baadaye alikwenda Kasulu kufyatua matofali, kiangazi kikiwa kimekolea, na fedha kidogo aliyotuma ilikuja na maelezo kwamba sehemu fulani ni ya lile debe.

Mwezi wa pili tangu ziwa lifungwe, mhubiri mgeni alifika mjini. Simtaji, wala kanisa lililomwalika, kwa kuwa nia yangu si kumshitaki mtu. Alihubiri mjane wa Sarepta siku kadhaa mfululizo, akasema ziwa limefungwa lakini mbingu hazijafungwa, na kwamba anayetaka mlango ufunguke apande mbegu ya kile cha mwisho alichonacho. Watu walitoa simu, walitoa pete. Jirani yangu mmoja, mjane, muuza vitenge vinavyotoka Kongo, alitoa mtaji wake wote. Kisha, ili duka lisifungwe, akaenda kuchukua mkopo wa kausha damu. Anayeishi huku anajua mikopo hiyo: unapewa siku hiyo hiyo bila maswali mengi, riba inapanda kila wiki, na ukichelewa wanakuja kubeba godoro. Walibeba godoro na runinga, watoto wake wakiwa wanatazama.

Wengine katika kikundi chetu walimkasirikia, wakasema amejitakia. Mimi nilikasirika pia, ila siyo kwake. Nilikwenda nikasoma 1 Wafalme 17 yote, polepole, kwa kuwa nilitaka kujua kama Neno lenyewe ndilo lililomfikisha pale. Eliya alikuwa mkimbizi. Kijito alichokuwa akinywa kilikauka kwa ukame ule ule alioutangaza yeye. Mungu akamtuma nje ya Israeli, nchi ya Sidoni, kwa mwanamke aliyekuwa akiokota kuni apike mkate wa mwisho yeye na mwanawe wafe. Ni kweli Eliya aliomba aanze kupewa yeye. Lakini alibaki katika nyumba ile, akila unga ule ule pamoja na wale wawili, siku nyingi za njaa ile. Kama unga ungekwisha, naye angekufa nao. Tena, unga haukufurika ukawa ghala. Haukupunguka, basi, kila siku ulikuwepo wa siku hiyo. Na pale Marko 12, kabla tu ya mjane aliyetia senti mbili, Yesu anawaonya watu wajihadhari na wale wanaokula nyumba za wajane. Naomba kila anayehubiri zile senti mbili asiruke ule mstari wa juu yake.

Basi kipimo changu tangu hapo ni hiki: anayekuomba utoe cha mwisho, je, atabaki ale na wewe? Mchungaji wetu alibaki. Mshahara wake ulikatika nusu kwa sababu sadaka zilishuka, na alikuwa analima bustani ya mchicha nyuma ya kanisa, akigawa. Alipofundisha juu ya kutoa tulimsikiliza.

Ndiye aliyetusimulia George Müller, Mjerumani aliyezaliwa Prussia mwaka 1805 akaenda kuhudumu Bristol, Uingereza, akalea maelfu ya yatima mpaka alipofariki mwaka 1898. Anajulikana kwa jambo moja, kwamba hakuwaomba watu fedha. Alipiga magoti akamwambia Mungu, na chakula kikaja. Wengi huishia hapo wanapomsimulia. Mchungaji akaendelea: Müller alikataa kabisa kuingia kwenye deni, akishika neno la Warumi 13 kwamba msiwiwe na mtu, na aliandika kilichoingia na kilichotoka, akachapisha taarifa za hesabu ili watu wazione. Mtu mwenye imani kubwa kiasi kile alishika kalamu kila siku. Nilipomsikia nilijisemea, kumbe kumtumaini Mungu na kuandika daftari ni kazi za mtu mmoja.

Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: usikope ili utoe. Paulo alipowachangisha Wakorintho kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu aliandika kwamba nia ikiwepo, mtu hukubaliwa "kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo." Mkopo ni kile usicho nacho. Ahadi uliyoitamka kanisani kwa kushikwa na hisia na ambayo huna njia ya kuitimiza, nenda kwa mchungaji au mzee wa kanisa useme huna. Kama ni mchungaji, atakuelewa.

Kuhusu yule jirani, tulifanya hivi, na labda itamfaa mtu. Hatukulipa deni lake. Tungeweza kuchanga, lakini fedha ile ingemnenepesha mkopeshaji na sisi tungebaki watupu. Wamama wawili walimsindikiza na mwenyekiti wa mtaa mpaka ofisini kwa mkopeshaji, wakaomba deni liandikwe kwenye karatasi: alikopa ngapi, amelipa ngapi, riba ni ngapi. Kuandika peke yake kulipunguza kiasi, kwa sababu hata mkopeshaji hakuweza kueleza baadhi ya tarakimu. Wakakubaliana awamu ndogo, wakatia saini mbele ya mwenyekiti. Sisi tukachukua chakula cha watoto wake, ili kila senti anayopata iende kwenye awamu. Ilichukua muda mrefu, mpaka baada ya ziwa kufunguliwa. Godoro alirudishiwa, runinga hakurudishiwa.

Chakula hicho kilitoka kwenye kapu. Kapu lilianza na wanawake wachache wa kikundi cha maombi. Kila mmoja alete kitu kikavu alichonacho: kikombe cha maharage, unga, dagaa, kipande cha sabuni, chupa ya mawese. Fedha hatukutaka, kwa kuwa fedha huleta maneno. Mwanzoni utaratibu wetu ulikuwa mbovu. Tuliwaita waliopewa mbele ya kanisa tukawaombea, tukidhani tunawaheshimu. Mama mmoja mzee hakuonekana tena Jumapili iliyofuata, wala iliyofuata. Alipotembelewa alisema, "Mimi sina nguo ya kusimamia mbele za watu nikipokea unga." Tukaacha mara moja. Kuanzia hapo vitu vilipelekwa jioni, na mtoto, kwenye mfuko wa kawaida kama mtu aliyetumwa dukani. Daftari la waliopewa lilikaa kwa wamama watatu tu, na halikusomwa popote. Kapu lilikuwa na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili tofauti, siyo kwamba hatuaminiani, ila ili asiwepo wa kusingiziwa.

Jingine tulilojifunza ni kuuliza kwanza. Tulimpelekea unga mama mmoja kwa wiki kadhaa, kumbe unga anao, alichokosa ni nauli ya kwenda hospitali ya Maweni kuchukua dawa za presha. Alikuwa anaona haya kusema, kwa kuwa tulionekana tumefurahi sana kumletea unga. Siku hizi anayepeleka mfuko anakaa, anakunywa maji, anauliza, "Shida kubwa wiki hii ni ipi?" Na kwa yule ambaye fedha ikifika mkononi inaishia kilabuni, tunalipa moja kwa moja shuleni au dukani. Watoto wake hawana kosa.

Tabia hii ya kuuliza sikuitoa mbali. Mama mkwe wangu alikuwa nayo. Mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko na kujazana Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa kati ya milima na ziwa, meli ya Liemba ndiyo iliyokuwa ikiwaleta Kigoma, wakapumzishwa uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kilikuwa kimewaingia. Watu wengi wenye huruma walipika wali. Mama mkwe alikwenda kwanza mikono mitupu, akaongea Kiha na wanawake wa Kirundi, maana lugha zinasikilizana, akarudi akasema wanachotaka ni sabuni, ndoo zenye mfuniko na vitenge vya kubebea watoto. Akauza jogoo wake, akanunua sabuni. Nilimuuliza kama haogopi kuishiwa. Akaniambia mkoa huu umepokea Warundi tangu mwaka 1972 na Wakongo mwaka 1996, na yeye hajawahi kulala njaa kwa sababu ya mgeni. Amelala njaa kwa sababu ya mvua. Sikumsahau. Alitoa jogoo, lakini mbegu za maharage hakuzigusa.

Lililokuwa gumu kwangu kuliko yote lilikuwa kupokea. Katikati ya Juni, Idi ya kuchinja, bibi mmoja wa Ujiji, Mwislamu, mteja wangu wa siku nyingi, alimtuma mjukuu wake na baiskeli. Juu yake kulikuwa na nyama ya sadaka, gunia la makopa ya muhogo na dumu la mawese. Nilitaka kulirudisha lile gunia. Niliona kama nimeshuka cheo. Mimi ndiye ninayejulikana kanisani kwa kugawa, sasa naletewa. Nilimpigia simu nikamwambia, "Bibi, hii nitakulipa lini?" Akajibu, "Kwani nimekukopesha, mwanangu? Pika watoto wale."

Niliketi jikoni nikalia. Wiki nzima nilikuwa nimemwomba Mungu, na alipojibu kwa mkono ambao sikuutarajia nilitaka kumrudishia. Eliya, nabii wa Mungu, alilishwa na mwanamke wa Sidoni. Mimi ni nani nichague mlango ambao riziki itaingilia? Na Paulo katika barua ile ile kwa Wakorintho anasema wingi wenu wa sasa ufae upungufu wao, ili siku nyingine wingi wao ufae upungufu wenu. Nilikuwa nimesoma nusu ya kwanza tu, maana nusu ya kwanza ndiyo inayompa mtu sifa. Kwa wenzangu mnaopenda kutoa: pokeeni. Semeni asante, pikeni, kuleni. Ukikataa cha mwenzako unamnyima nafasi ya kufanya kile unachojivunia wewe kukifanya. Makopa yale niliyasaga, theluthi ikaenda kwenye debe la mgeni na nyingine kwenye kapu, na toka hapo kapu likaacha kuuliza mtu anasali wapi. Hilo lilipigiwa kelele kidogo kwenye kikao. Mchungaji alisimama akauliza makopa yaliyomo yametoka dini gani, kikao kikaisha.

Ziwa lilifunguliwa Agosti. Wiki za mwanzo samaki walipatikana vizuri, na kanisa lilijaa shukrani. Nami nilishukuru kwa machozi. Lakini sitasema samaki wale walikuja kwa sababu tulitoa. Walioficha unga wao uvunguni nao walivua. Mungu huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki, na anayetoa akingoja kurudishiwa mara mbili atachoka mapema. Mtaji wangu ulikuwa umepungua karibu nusu. Kijana wetu alirudi shule Julai na viatu vilivyoshonwa. Kodi ya nyumba tulimaliza kuilipa Oktoba, kwa wema wa mwenye nyumba. Gharama hizo zilikuwa za kweli. Kilichobadilika ni kwamba sijawahi tena kuhesabu usiku kama nilivyohesabu lile giza la kwanza. Nilishaona siku baada ya siku unga ukiwepo, mara nyingine ukitoka kwangu, mara nyingine ukija kwangu, na nilishaelewa kwamba anayeuleta ni mmoja.

Kapu bado lipo, na ninawashauri mnaotaka kuanzisha lenu msingoje shida. Anzeni wakati wa giza zuri, fedha inapozunguka, na muhogo ununuliwe kiangazi makopa yakiwa makavu, uhifadhiwe juu ya vichanja, mbali na ukuta. Kagueni kila mwezi wadudu wasiingie. Jambo ambalo sisi wenyewe hatujalimaliza ni mchango wa wanaume wa vipe. Wengine wanataka uwe wa kila mwezi, kiasi kinachofanana kwa wote. Mimi na wamama wenzangu tunasema uwe kwa kila giza, baada ya hesabu za chombo kugawanywa, na kiwango cha chini kiwe kile ambacho kibarua wa mwisho chomboni anaweza kukitoa bila kukopa. Kikao kijacho ni mbalamwezi itakapokuwa kali, maana ndipo wote wanakuwa nyumbani.